Punje Moja ya Kahawa Kabla ya Kukanyaga

Walisema sitaweza. Jirani yetu kule Muleba alisema mikono yangu ni ya kumenya ndizi, spana itanichubua. Katekista aliniombea kwa sauti ile anayoombea wagonjwa waliokwisha kukata kauli. Mzee Abdalla, tajiri wa malori mjini Bukoba, ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alicheka mpaka akavua kofia kufuta jasho. "Wahaya mnajua Kiingereza," aliniambia mbele ya watu, "lakini injini haijui Kiingereza. Nenda ukawe karani, Deo. Karani hachafuki."

Nilikwenda Kampala. Nilikaa miaka mitatu, nikarudi na diploma ya ufundi wa magari yenye jina langu kwa wino mweusi na muhuri mwekundu. Enzi zile za Mwingereza, Waafrika wenye karatasi ya namna ile kutoka Bukoba mpaka Muleba ungewahesabu kwa mkono mmoja, na vidole vikabaki. Niliitia fremu nikaitundika kwenye karakana yangu ya bati pale Kahororo, Bukoba, mahali ambapo kila mwenye gari angeiona kabla hajaniona mimi. Najisifu, ndiyo. Sikurithi shamba wala duka. Nilichonacho nilikitafuta kwa mikono hii mnayoiona, ambayo sasa inatetemeka hata kushika kikombe.

Ninyi vijana mnaokuja kwangu Jumamosi huniuliza habari za breki za magari ya zamani, zile zenye busta. Mnasema mzee Deo ana sikio. Mnasema akiweka mguu tu, anajua. Hamjaniuliza mguu huo nilifundishwa na nani. Leo nitawaambia yote mawili, kwa sababu ni habari moja, na sijui Jumamosi ngapi zimenibakia.

Tuanze na busta. Ni kopo kubwa la chuma lililofungwa karibu na mahali nguvu ya mguu wa dereva inapoelekea kwenye magurudumu. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Injini ikiwaka, inavuta hewa kutoka upande mmoja wa kiwambo. Ukikanyaga breki, hewa ya nje inaingia upande wa pili na kukisukuma, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inapata msaidizi. Ukiachia, injini inainyonya hewa hiyo nayo. Basi. Hakuna uchawi. Nguvu ya busta ni pumzi ya injini iliyoazimwa.

Likija gari breki ni nzito, usikimbilie kufungua magurudumu. Sikiliza kwanza. Ukisikia sauti ya "ssss" mguu ukiwa kwenye pedali, tafuta kiwambo kilichopasuka. Shika mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, uuminye urefu wake wote. Mpira mzee huonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umechanika na nyama yake hulala njiani ikaziba hewa kila injini inapovuta. Padre mmoja aliniletea gari lake likitoa moshi mweupe. Mafundi watatu walikwisha mwambia pistoni zimekufa. Mimi nilimwuliza swali moja: "Padre, mafuta ya breki unaongeza mara ngapi?" Akasema kila wiki, na chini hakuna tone linalodondoka. Nikacheka. Mafuta yalikuwa yanavuja ndani ya busta, yananyonywa na injini, yanachomwa. Pistoni zilikuwa nzima kabisa. Padre alinitangaza kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na Jumatatu magari manne yalipanga foleni Kahororo.

Hayo nilijifunza Kampala. Sasa niwaambie nilichojifunza kabla ya Kampala.

Huku kwetu jina la mwanaume mtu mzima hutanguliwa na Ta, kwa heshima. Ta Rwechungura alikuwa dereva wa Mzee Abdalla, akiendesha lori kuukuu lililoachwa na jeshi baada ya vita. Alichukua kahawa Muleba kupeleka Bukoba, na juu ya magunia walipanda watu na mikungu yao ya ndizi. Hakujua kusoma. Aliweza kutia sahihi kwa kidole gumba tu. Kabla sijawa kitu chochote nilipanda naye, nikimshikia taa anapotengeneza, na yeye ndiye aliyeniwekea mguu wangu kwenye pedali kwa mara ya kwanza.

"Breki ina vipimo viwili," alinifundisha. "Cha kwanza, zima injini. Kanyaga mara nne, tano, mpaka pedali iwe ngumu kama jiwe. Mguu usiutoe. Washa. Pedali ikishuka kidogo, kama mtu anayekupisha mlangoni, busta inafanya kazi."

"Na cha pili, Ta?"

Alitia mkono mfukoni akatoa kahawa. Mnajua kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yake ya harufu kisha ikakaushwa. Mgeni akiingia nyumbani kwa Mhaya, kabla ya neno lolote la maana, kikapu kidogo cha kahawa kinashushwa ukutani, naye anachukua punje. Ta Rwechungura hakutembea bila kahawa mfukoni. Alinipa punje moja, akachukua moja.

"Cha pili, washa injini, halafu uizime. Tafuna punje moja mpaka iishe. Usiharakishe. Ikiisha, kanyaga. Mkanyago wa kwanza ukiwa laini, pumzi imehifadhiwa. Ukiwa mgumu, pumzi imetoroka, na hilo gari usiliamini mlimani."

Nilikuja kuelewa Kampala kwamba alikuwa akipima vali. Kuna vali ndogo kati ya injini na busta, si kubwa kuliko kidole gumba. Hewa inapita kuelekea injini tu, hairudi. Injini ikizimika ghafla, vali inafunga na kumwachia dereva pumzi ya kukanyaga mara mbili au tatu. Mwalimu wetu alikuwa na saa ya mfukoni na kipimo chenye mshale. Nilipomsimulia habari ya punje ya kahawa, darasa zima lilicheka. Nami nikacheka pamoja nao. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Kwa nini dereva asiyejua kusoma alijali sana breki inafanyaje injini ikiwa imezimwa?

Kwa sababu aliizima. Madereva wote wa malori walifanya hivyo. Mzee Abdalla aliwapimia petroli ya safari kwa galoni, wala hakuzidisha tone. Dereva akifika kileleni mwa mteremko alizima injini, akaacha lori lishuke lenyewe. Petroli iliyobaki waliiita ya mteremko. Waliitoa kwa mpira, wakaijaza kwenye chupa, wakawauzia wenye pikipiki. Tajiri alikataza, na dereva aliyekamatwa alifukuzwa papo hapo. Ilikuwa siri ambayo kila mtu aliijua isipokuwa mwenye lori.

Ada yangu ya Kampala ilitoka huko. Baba mdogo alitoa mtamba, bei yake ikanitosha mwaka wa kwanza. Katekista, pamoja na maombi yake ya mazishi, aliniazima baiskeli nikaiuza, kwa ahadi ya kumrudishia nyingine. Miaka miwili iliyobaki nilisomeshwa na petroli ya mteremko. Ta Rwechungura, ambaye hapo awali alizima injini mara mojamoja, sasa alizima kila mteremko, kwenda na kurudi. "Utanirudishia ukiwa fundi," aliniambia siku ninaondoka, na tukatafuna kahawa ya tunda moja, yeye punje hii, mimi punje ile. Kwetu watu waliogawana tunda moja hawaachani kwenye shida.

Niliporudi, mambo yalikwenda kama nilivyowaambia. Hata Mzee Abdalla, aliyevua kofia kwa kunicheka, aliivua tena kwa kunisalimu. Siku moja lori lile lilikuja likiwa limeoza kichujio cha busta, kile kinachozuia vumbi lisiingie na hewa. Kipuri kingetoka Nairobi baada ya mwezi. Nikafikiri Kihaya. Sisi hapa kila kitu tunafunga, tunachuja na kuziba kwa mgomba. Nilichukua nyuzi za mgomba mkavu, nikaziosha, nikazianika, nikazishindilia mahali pa kichujio. Lori likaenda, na kipuri hakikuagizwa tena. Mzee Abdalla aliwaambia watu sokoni, "Mwone mtoto wa Muleba! Ametengeneza gari la Mzungu kwa mgomba!" Nilitembea mjini siku ile nikiwa mrefu kuliko mnara wa kanisa.

Baada ya kama miezi miwili, lori lilihitaji cheti cha fundi ili liruhusiwe kuendelea kuchukua abiria. Mzee Abdalla alikuja nalo mwenyewe, amekaa mbele karibu na Ta Rwechungura. Watu walikuwepo karakana, kama kawaida, kutazama.

"Deo, mwanangu," alisema Ta Rwechungura, "breki inakataa."

"Inakataa wapi, Ta?"

Alimtazama tajiri wake, kisha akanitazama mimi. "Kwenye mteremko."

Niliwasha injini. Nikakanyaga. Laini. Nikakanyaga tena, nikapeleka lori mbele na nyuma, nikafunga breki kwa ghafla mpaka watazamaji wakaruka. Likasimama kama lililopigiliwa misumari.

"Breki ni nzima," nilisema.

"Kwenye mteremko, Deo. Wewe unajua ninavyoteremka."

Mzee Abdalla aligeuza kichwa. "Anateremkaje?"

Ta Rwechungura alitia mkono mfukoni, akatoa kahawa, akaninyooshea punje moja. "Chukua kwanza tutafune," alisema. "Usiharakishe."

Vijana, alikuwa ananiambia kila kitu. Zima injini, tafuna, ndipo ukanyage. Asingeweza kusema zaidi bila kupoteza kazi yake, na kazi yake ndiyo iliyonilisha Kampala. Mkono ulikuwa mbele yangu, punje katikati ya kiganja.

Nami nilikuwa na watu wananitazama, na karatasi ukutani. Nilisema, "Ta, niko kazini. Hii ni karakana, si sebule." Watu wakacheka. Kisha nikaongeza, na neno hili ndilo linaloniamsha usiku: "Labda mguu wako ndio umezeeka, si breki."

Alirudisha punje mfukoni. Mimi nikaandika cheti: breki nzima. Nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika diploma yangu kwa kirefu.

Juma lilelile, asubuhi, lori lilitoka Muleba limejaa kahawa. Kwenye mteremko mrefu kabla ya kufika mjini, Ta Rwechungura alizima injini kama alivyozoea. Ndiyo, alijua breki inamsumbua. Lakini fundi mwenye diploma alikwisha mwambia ni mguu wake. Naamini aliniamini. Nimejaribu miaka yote kuamini kwamba hakuniamini, nimeshindwa.

Alipokanyaga, pedali ilikuwa jiwe. Alijaribu breki ya mkono, ikakatika. Alijaribu kuingiza gia aiwashe, meno yakakataa. Lori liliacha barabara, likapita kwenye shamba la migomba, likakoma kwenye mwamba. Mzee mmoja aliyekuwa juu ya magunia, akipeleka ndizi kwa binti yake, alifia palepale. Ta Rwechungura alivunjika mguu, uleule wa breki.

Lori lilivutwa mpaka karakana yangu. Nilifunga mlango nikawa peke yangu nalo. Sikuwa na haja ya kutafuta, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye vali. Nikaifungua. Ndani, kwenye kikalio chake, pale inapokaa ikifunga, palikuwa na uzi wa mgomba, mfupi kama ukucha. Ulikuwa umechomoka kwenye kichujio changu, ukavutwa mpaka pale, ukaishikilia vali isifunge. Injini ikiwaka, busta ilipata pumzi kama kawaida. Injini ikizimwa tu, pumzi yote ilitoroka. Punje moja ya kahawa ingenionyesha.

Niliutoa. Nikautia katika mfuko wa shati.

Kesi ilisikilizwa Bukoba. Bwana mkaguzi wa magari, Mzungu, alishika cheti changu. "Wewe ndiye uliyetia sahihi hapa?"

"Ndiyo, bwana."

"Breki zilikuwa nzima?"

"Nilipozipima, bwana, zilikuwa nzima."

Hakuna neno la uongo katika jibu lile. Nililipanga kwa siku tatu. Uzi ulikuwa mfukoni, kifuani pangu, na Ta Rwechungura alikaa hatua sita kutoka nilipo, mguu umefungwa mbao. Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyezima injini na bado anatafuna.

Hakimu alimgeukia. "Unasema breki ilikataa. Fundi mwenye diploma anasema ilikuwa nzima. Unasemaje?"

Mkalimani akatafsiri. Ta Rwechungura akasema kwa Kihaya, polepole, ili kila mtu asikie: "Kama fundi amesema, basi. Fundi amesoma."

Angeweza kuwaambia habari ya mgomba, alikuwepo nilipoushindilia. Hakusema. Alifungwa kwa uzembe barabarani, na leseni yake ikachukuliwa moja kwa moja.

Na mimi? Karakana ilistawi. Watu walisema diploma ya Deo imesimama hata mbele ya hakimu. Wenye magari walitoka mpaka Biharamulo kuja kwangu. Niliweka bati jipya, nikaajiri, nikanunua kipimo chenye mshale kama kile cha Kampala. Kila asubuhi nilifungua mlango nikaiona ile karatasi ukutani, na nyuma yake niliona mteremko.

Msiniulize kwa nini sikwenda baadaye kwa mkaguzi kusema ukweli. Nimejiuliza kuliko mtakavyoweza kuniuliza ninyi. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Kazi hii itawafundisha kurekebisha karibu kila kitu, kwa hiyo mtadhani kila kitu hurekebika. Si kweli. Kiwambo kilichopasuka unakibadilisha. Lori lile lenyewe nililinyoosha likatembea tena. Lakini kuna saa ya kusema, nayo ina pumzi ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Ikipita, pedali ni jiwe, hata ukanyage maisha yako yote. Mimi nakanyaga mpaka leo.

Alipotoka kifungoni, nilikuwa na uwezo wa kulipa wote walionikopesha. Nilichagua Jumapili, nikavaa suti, nikaendesha gari langu mwenyewe mpaka Muleba. Baba mdogo nilimpelekea ng'ombe wawili badala ya mtamba mmoja. Aliwapigia majirani kelele waje kuona, na yule wa mikono ya kumenya ndizi akaja pia, akanishika mkono kwa mikono miwili. Katekista nilimpelekea baiskeli mpya, karatasi za dukani hazijabanduliwa. Aliijaribu uani akiwa na joho lake, akacheka kama mtoto. Siku hiyo walionibeza wote walinyamaza. Nilikuwa nimeingoja kwa miaka, nikaiona kwa macho yangu.

Nilimweka Ta Rwechungura mwisho.

Nilimkuta amekaa mlangoni, fimbo kando yake, anachambua maharage na mkewe. Alisimama kwa taabu, akanikaribisha ndani. Nilikaa kwenye mkeka, nikaweka bahasha mbele yake. Ndani palikuwa na ada ya miaka miwili, na nyingine kama hiyo juu yake. Kisha nikatoa mfukoni uzi wa mgomba. Nilikuwa nimeuhifadhi kwenye kiberiti. Nikamweleza vali, kichujio, kikalio, kila kitu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nililia. Sioni aibu kuwaambia.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Aliuchukua uzi, akautazama kwenye mwanga wa mlango, akaurudisha ndani ya kiberiti.

"Nilijua," alisema. "Mguu uliniambia."

"Nisamehe, Ta."

"Umeniambia mimi, Deo. Mimi sikuwa ninauliza. Aliyeuliza alikuwa bwana mkaguzi."

Akaisogeza bahasha upande wake, bila kuifungua. "Ulisema utanirudishia ukiwa fundi. Umerudisha. Hatudaiani."

"Hatudaiani, Ta."

Tulikaa. Mkewe alipita, akatutazama, akaendelea na maharage yake. Kikapu kidogo cha kahawa kilikuwa ukutani, palepale kilipokuwa siku ninaondoka kwenda Kampala, mkono wake unakifikia bila kuinuka. Nilingoja kwa muda unaotosha kutafuna punje moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Hakukishusha. Nikainuka, nikaaga, nikaenda kuwasha gari.